Rangi Isiyofika Kiini

Fundi alikuwa analamba mbao. Hicho ndicho watu wengi wa Nachingwea walichokijua juu yake, na baadhi yao hawakujua kingine. Akishapasua kipande alikigeuza kwenye mwanga, akakilamba kwa ncha ya ulimi pale kilipopasuliwa, kisha akatulia kuangalia mate yanavyonywewa. Yakinywewa upesi, mti ni mkavu. Yakikaa juu yanang'aa, alikirudisha juani. Wateja wageni walicheka. Sisi majirani tulishazoea. Cherehani yangu ilikuwa kwenye baraza hiyo hiyo, tumetenganishwa na ukuta mmoja tu, na kwa miaka mingi nilishona nguo za watu huku nasikiliza mashine yake ya kukereza ikizunguka upande wa pili.

Mashine hiyo aliiunda mwenyewe. Ekseli aliitoa kwenye trekta la enzi za mradi wa karanga, moja ya yale mavyuma ya Waingereza yaliyokuwa yanaoza nyuma ya maghala. Pedeli ilitoka kwangu. Cherehani ya marehemu mama yangu ilikuwa imekufa kichwa, imebaki miguu, nami nimeigeuza meza ya kuwekea pasi.

"Mama Hadija," aliniambia siku hiyo, "ile miguu ya cherehani ya marehemu, bado unaitaka?"

"Ya kazi gani kwako?"

"Nataka iendelee kukanyagwa."

Nikampa. Hakusema asante, na sikumbuki kama nimewahi kumsikia akilitamka neno hilo kwa mtu yeyote. Ila baada ya siku chache nilikuta mezani kwangu kibao chenye vijiti vya kutundikia reli za uzi, vimekerezwa laini kama mfupa. Yeye alikuwa upande wa pili anakanyaga pedeli, amejitia hanioni.

Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni. Alikuwa Mmakua, na akikasirika maneno yalimtoka nusu Kimakua, nusu Kiswahili, na "bado" ikawa "pado". Alivaa kofia ya sufu hata mwezi wa kumi na moja, jua likiwa linapasua vichwa. Hakuwahi kukaa na mwanafunzi zaidi ya msimu mmoja, kwa sababu hakuweza kuona mtu anashika patasi vibaya akanyamaza. Akiingia nyumbani kwa mtu, kabla hajakaribishwa kiti alishaufungua na kuufunga mlango mara kadhaa, kisha anatikisa kichwa. Lakini mlango wa nyumba yake mwenyewe ulikuwa kipande cha bati kilichofungwa kwa waya. Mkewe, Mama Somoe, mwanamke mpole asiyependa makuu, aliniambia kwamba aliahidiwa mlango tangu alipokuwa mwali.

"Ananiambia bado hajapata mti unaostahili," alisema. Tukacheka wote wawili.

Miaka ya mwanzo, alipokuwa anakereza mpingo, Fundi alikuwa mtu wa furaha. Alitengeneza vichwa vya bakora, vikombe vya kuwekea kalamu, shanga za tasbihi. Mfanyabiashara mmoja alikuwa anapita kuvichukua na kuvipeleka Mtwara. Kuukata mpingo kwenye mashine ni kama kukata chuma, vumbi lake linaingia kifuani, lakini ukitoka umetoka. Weusi wake hauna juu wala ndani. Fundi alipenda jambo hilo kuliko yote. Aliweza kumvunjia mteja kikombe kizima mbele ya macho yake ili amwonyeshe kwamba ndani ni vile vile.

Kisha akakamatwa. Alikuwa anarudi na vigogo vya mpingo juu ya gari la mizigo, hana kibali, askari wa misitu wakamshusha kwenye kizuizi. Alikaa mahabusu, mti ukachukuliwa. Aliporudi alikuwa amekonda, na aliongea kidogo kuliko kawaida. Tulimwambia afuate kibali kama wenzake. Akasema kibali ni cha watu wanaojua kukaa kwenye mabenchi ya ofisi wakasikilizwa, na yeye akikaa kwenye benchi kwanza anaangalia lilivyounganishwa.

Akageukia mkorosho. Miaka hiyo mikorosho mizee ilikuwa inaugua ubwiriunga na watu walikuwa wanaikata kwa kuni. Mti wake ni mwepesi, mweupe, unaliwa na wadudu haraka. Hakuna fundi aliyeuheshimu. Yeye alianza kuukereza shanga za tasbihi, akazichovya kwenye rangi nyeusi ya ukili, ile ya unga inayouzwa sokoni kwa wasuka mikeka, kisha akazipaka nta. Zilipendeza. Wazee wengi msikitini walizichukua.

Ikafika Ijumaa moja ya joto kali. Watu walitoka kwenye swala, na hapo nje mtu mmoja akamtazama mwenzake akaanza kucheka. Jasho la mikono lilikuwa limeyeyusha rangi ya shanga. Vidole vilikuwa vyeusi. Na kwa kuwa baada ya dua mtu hupangusa uso kwa viganja, wazee wa watu walikuwa wametoka na nyuso zenye michirizi kama watoto waliocheza na masizi. Mzee mmoja, ambaye kanzu yake nilikuwa nimeishona mimi, alikuwa na alama ya kiganja kizima kifuani. Watu walicheka kwa wema, hakuna aliyemtukana. Fundi alikuwa miongoni mwao. Alivua kofia yake ya sufu, akaishika kama bakuli, akapita kwa kila mmoja akizikusanya tasbihi zile, moja moja, bila kunyanyua macho. Alipofika nyumbani alizimwaga zote kwenye moto wa mkewe, na sufuria ya ugali ilikuwa bado iko jikoni.

Tangu siku hiyo rangi ya kupaka ikawa adui yake. Alitaka rangi iingie ndani ya mti, ifike kwenye kiini, ili ukikereza hadi wapi ukute ni nyeusi tu, kama mpingo. Na alitaka mti wenyewe uwe mgumu. Jambo hilo lilimkalia kichwani kuliko njaa na kuliko usingizi.

Yeye aliliita kushibisha. "Mkorosho una njaa," alikuwa anasema. "Umejaa vishimo vyenye upepo. Utoe upepo, uulishe." Alipata tangi la upepo la lori bovu, akalitia mfuniko wa chuma wenye mpira, akaunganisha na kompresa ya friji iliyokufa ili inyonye hewa badala ya kupuliza. Ndani aliweka vipande vya mkorosho vilivyozama kwenye rangi ya viatu, ile ya maji, iliyochanganywa na spiriti. Umeme wa mashine za dizeli ukiwepo, kompresa ilinguruma na mti ukaanza kutoa mapovu. Alikuwa amebandika kipande cha kioo kwenye mfuniko, na alikuwa anatuita tuje tuchungulie.

"Angalieni unavyopumua! Angalieni!"

Baada ya rangi, alivikausha, kisha akavishibisha mara ya pili kwa mafuta ya maganda ya korosho. Mafuta hayo kila mtu kwetu anayajua, ukibangua korosho bila majivu yanakutoa ngozi. Lakini ukiyachemsha na kuyaacha ndani ya mti yanaganda, na mti laini unakuwa mgumu hadi patasi inalia.

Tatizo lilikuwa moja, na halikwisha. Akiweka kipande kwenye mashine, ganda la juu lilikuwa jeusi zuri. Akiingia ndani kidogo, bado jeusi. Akiingia zaidi, ghafla linatokea baka jeupe. Mara ni duara dogo kama la kucha. Mara ni mstari mrefu upande mmoja tu, upande wa pili ukiwa mweusi. Pembeni mwa kifundo rangi ilikusanyika nzito kama wino uliomwagika, na nyuma ya kifundo hicho hicho haikufika kabisa. Kwenye ncha zote mbili ilizama sana, katikati ikakosa. Kila baka lilipojitokeza mashine ilinyamaza. Mimi upande wangu nilijua. Niliacha kushona, nikasubiri, kisha nikasikia kipande kikitupwa kwenye lundo.

"Bado una njaa," alisema kwa sauti ya chini.

Alijua sababu, au sehemu yake. Unyevu. Maji yakishakaa ndani ya mti, rangi haina pa kukaa. Alihitaji joto la kukausha vipande hadi ndani kabisa kabla ya kuvishibisha, na tanuri hakuwa nalo. Alikwenda kwa mwoka mikate wetu, mtu mnene mwenye roho nzuri, akamwomba aweke vipande vyake kwenye tanuri baada ya mikate kutoka. Mwoka mikate akakubali. Ilikwenda vizuri kwa muda, hadi siku Fundi alipochanganya na kuweka vipande ambavyo vilishanywa mafuta ya korosho. Kesho yake mtaa mzima ulikula mikate yenye ladha ya moshi mkali, watoto wakawashwa midomo. Mwoka mikate alikuja hadi barazani na mkate mkononi.

"Fundi, kula."

Fundi akaula wote, mbele yetu, machozi yanamtoka kwa ule ukali, hakuacha hata tonge. Mwoka mikate akageuka, akaondoka zake. Lakini tanuri likafungwa kwake tangu hapo.

Somoe alikuwa mtoto wake aliyebaki. Wadogo zake walikufa wangali wachanga, na Fundi alimpenda binti huyu kwa namna yake ya kimya. Alimkerezea kinu kidogo na mchi wake alipokuwa mdogo, akamkerezea rula alipoanza shule. Sijawahi kumwona akimpakata wala kumsifu. Somoe alipokuwa msichana mkubwa, mrefu na mcheshi kama mama yake asivyokuwa, akaja kuposwa na kijana wa Ruangwa, dereva, wa familia ya Waislamu wenye mashamba na heshima zao.

Siku wazee wa upande wa kijana walipokuja nilikuwepo, nasaidia jikoni. Mazungumzo yalikwenda vizuri. Mahari ilikubaliwa, watu wakawa wanakunywa chai. Mzee mmoja wa Ruangwa, kwa kutaka kufurahisha baraza, akasema wamesikia Fundi ni bingwa wa kukereza, basi mwali wao bila shaka atakuja na chombo cha mkono wa baba. Lilikuwa neno la adabu tu. Angeweza kujibu inshallah yakaisha.

Fundi akaweka kikombe chini. "Kitanda cha binti yangu nitakitoa mimi. Miguu minne, ya mkorosho, myeusi hadi kiini. Mkitaka mtaukata mmoja kwa msumeno muone."

Wazee wakacheka, wakasema mashallah. Jikoni Mama Somoe alifumba macho.

Wageni walipoondoka alimfuata uani. Nilisikia kwa sababu hawakujificha.

"Tengeneza cha mninga, baba Somoe. Mninga unaujua, mninga ni mzuri. Nani atakata kitanda kwa msumeno?"

"Nimeshasema mbele ya watu."

"Watu watasahau."

"Mie sitasahau," akasema. Akaenda kuwasha kompresa.

Kilichomponza ni mguu wa kwanza. Ulitoka mzima. Aliukereza kutoka juu hadi chini, mafundo na mabonde na shingo nyembamba kama ya birika, na kila alipoingia alikuta weusi. Aliuleta kwangu ameukumbatia kwa mikono miwili, akanipa nipapase. Mikono yangu ilitoka safi. Ulikuwa mzito, baridi, unang'aa. Sikuwahi kuona uso wake ukiwa vile, si kabla wala baadaye. Nimefikiri mara nyingi kwamba laiti ungeharibika ule wa kwanza, angerudi kwenye mninga mapema, muda ungalipo. Lakini alishaona kwamba inawezekana.

Wa pili uliharibika, na wa tatu, na iliyofuata. Ikaingia masika. Kwetu masika ikishika, hata chumvi inalowa kwenye kopo. Hakuna mti unaokauka. Aliweka vipande juu ya jiko la mkewe, chini ya kitanda chao, darini. Mara moja niliingia kwao nikamkuta amelala mchana na kipande cha mkorosho amekikumbatia chini ya shuka. Anakipa joto, alisema Mama Somoe, na safari hii hakuna aliyecheka. Alilamba mbao hadi ulimi ukampasuka. Akaacha kuchukua kazi za watu. Waliokuja na vitanda vya kurekebisha na vinu vya kutoboa aliwafukuza kwa Kimakua. Chakula kikawa kinatoka kwenye vibarua vya palizi alivyofanya Mama Somoe na mwanawe, mwali ambaye angepaswa kuwa ndani anasingwa.

Mwishowe akapata mguu wa pili ulio mzima. Kisha, baada ya kuharibu lundo zima, akapata wa tatu. Ikabaki mmoja, na harusi ikawa imekaribia.

Ndipo akataka kulazimisha. Alidhani moto mwingi utafukuza maji na kusukuma rangi na mafuta kwa pamoja. Aliweka tangi juu ya mafiga, kipande cha mguu wa nne ndani ya rangi na mafuta ya korosho, akafunga mfuniko. Ilikuwa asubuhi, mvua imekatika, mimi napiga pasi sare za shule. Nilisikia kishindo kama cha mtu kuangusha mlango wa bati, kisha moshi, moshi mweusi unaokaba koo, na Fundi akatoka ndani yake ameshika mikono yake mbele kama mtu aliyebeba mtoto. Hakupiga kelele. Ngozi ya mikono ilikuwa inachuruzika. Tulimmwagia maji, tukamkimbiza hospitali kwa baiskeli mimi na mwoka mikate, mmoja anasukuma, mwingine anamshikilia. Njia nzima alikuwa anauliza kitu kimoja.

"Kile kipande kimetoka? Kimeungua?"

"Fundi, nyamaza," mwoka mikate alimwambia huku analia. "Nyamaza, ndugu yangu."

Kipande hakikuungua. Mama Somoe alikiokota kwenye matope nyuma ya nyumba. Mpaka leo sijui kwa nini alikiokota. Pengine alijua mumewe hatapata amani mpaka kikerezwe.

Fundi alitoka hospitali mapema kuliko walivyotaka, mikono imefungwa bendeji hadi kwenye viwiko, na jicho la kushoto limevimba. Siku ya kuamkia harusi, wakati wanawake tumejaa uani tunachambua mchele, tulisikia mashine inazunguka. Nilikwenda kuchungulia. Alikuwa ameifunga patasi kwenye bendeji kwa kamba, anakanyaga, anaegemeza kwa bega. Alinyoa ganda la nje, jeusi. Akachonga fundo la juu, jeusi. Akashuka kwenye shingo, polepole, damu inaanza kuonekana kwenye bendeji. Nikaanza kuomba Mungu, kwa kweli niliomba, kwa ajili ya mguu wa kitanda.

Baka likatokea. Halikuwa duara dogo. Upande mzima ulikuwa mweupe, kutoka shingoni hadi chini, kama kipande cha muhogo kilichovuliwa ganda.

Alisimamisha mashine. Alilitazama. Kisha akaanza kuifungua kamba kwa meno, nami nikaingia nikamsaidia kuifungua.

"Fundi, tutapaka rangi," nilimwambia. "Upande huo utageuzwa ukutani. Nani ataona?"

Alipita katikati ya wanawake wote pale uani, na ungo zao na vicheko vyao, akaenda njia ya stendi. Tulidhani anakwenda kupumua. Magharibi ikaingia hajarudi. Asubuhi akaja mdogo wake kutoka mtaa wa pili, uso umemkauka, akasema Fundi alipita kwake akamwambia maneno machache tu, simama mahali pangu, kisha akapanda lori la kwenda Kilimarondo, kwa dada yao.

Ndoa ikafungwa. Mdogo mtu akawa walii badala ya baba, akaweka mkono wake kwenye mkono wa bwana harusi. Wazee wa Ruangwa waliambiwa baba anaumwa, na kwa kweli alikuwa anaumwa. Somoe alipelekwa kwa mumewe bila kitanda. Hakuna aliyekiulizia, hata yule mzee aliyeanzisha maneno.

Fundi hakurudi Nachingwea. Watu waliotoka Kilimarondo walisema wanamwona anachonga mipini ya majembe kwa panga, vibaya, kwa sababu vidole vilipona vimekunjika. Walisema analala kwenye dungu la kulinda mahindi, tembo wakipita anapiga debe kuwafukuza. Mama Somoe alimfuata mara mbili, mara zote akarudi peke yake. Miaka ikapita. Chumba chake cha kazi kikawa duka la vocha za simu, na mashine wakaiuza chuma chakavu. Ile miguu mitatu myeusi ilikaa kwa Mama Somoe nyuma ya mlango wa bati hadi alipofariki, na baada ya matanga sikuiona tena.

Nilikwenda Ruangwa kupeleka sare za kwaya, miaka hiyo bodaboda zimeshaanza kujaa. Nikampigia Somoe. Akaniambia nisithubutu kupita bila kufika kwake, na kuna mtu nitamkuta.

Alikuwa amekaa kwenye mkeka upenuni, anapukuchua mbaazi. Baada ya kifo cha mama yake, Somoe alikwenda mwenyewe Kilimarondo na gari la mumewe, akamchukua, hakumpa nafasi ya kubisha. Jicho la kushoto lilikuwa limekufa, la kulia lina ukungu. Vidole vilivyokunjika vilikuwa vinaminya maganda ya mbaazi moja moja, mbaazi zinadondoka kwenye sinia. Nilimsalimia.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba. Sauti ya Mama Hadija hiyo."

Nikakaa. Tuliongea habari za watu, nani yupo, nani ametangulia. Mwoka mikate ametangulia. Kisha, bila mimi kuuliza, akaanza kuongea juu ya mguu wa nne. Aliongea kama jambo la jana. Lilikuwa kosa la masika, alisema. Angeupata mti uliokatwa kiangazi, au angeukata vipande vifupi na kuunga, au angetoboa tundu katikati ya kiini rangi iingilie ndani na nje. Alishalitafuta jibu kwa kila upande, na sasa hana mikono wala macho. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayejitetea mbele ya baraza.

"Nilitaka alale juu ya kitu nilichokitengeneza mie," alisema. "Kitu kimoja tu, kisichotoa rangi. Nikashindwa."

Somoe alikuwa ametoka ndani na birika la chai. Alikuwa amesikia. Mwanamke mzima sasa, na wanawe wanacheza mbele ya nyumba. Aliweka birika chini.

"Baba," akasema, "mimi sikutaka kitanda."

Fundi akaacha kupukuchua.

"Sikuwahi kukitaka. Nilitaka uje. Ungekuja na bendeji zako, na jicho lako limevimba, ukakaa pale barazani, mimi basi, ingenitosha."

Sikujua niangalie wapi. Nikaangalia sinia la mbaazi. Nilidhani Fundi atanyanyuka aondoke kama alivyoondoka siku ile.

"Ulivaa nini?" akauliza.

Somoe akanitazama. Nguo ile nilikuwa nimeishona mimi, nikamwambia. Nikamwambia ilikuwa ya kijani kibichi, kitambaa kinachoteleza, mikono mirefu, na shingoni nilitia utepe wa dhahabu ambao niliutoa kwenye gauni langu mwenyewe. Alisikiliza kichwa kimeinama, kama alivyokuwa anasikiliza patasi.

"Chakula kilitosha?"

"Hakikutosha," Somoe alisema. "Wa Ruangwa walikula pilau, wa kwetu tukala ukoko."

"Walilalamika?"

"Sana."

Midomo yake ikacheza kidogo. Akauliza mdogo wake aliyatamka vipi maneno ya ndoa, kama hakukosea. Somoe akamwambia alikosea mara moja, sheikh akamrudisha. Akauliza gari gani lilimchukua Somoe. Akauliza kama mvua ilinyesha. Kila alichouliza tulimjibu, mara mimi, mara Somoe, chai ikapoa kwenye vikombe.

"Na wewe," akasema mwisho, na uso wake akaugeuza upande sauti ya binti yake ilikokuwa, "wakati wanakutoa nje, ulilia?"

"Sikulia. Nilikuwa naangalia barabara ya Kilimarondo."

Aliunyoosha mkono wake uliokunjika, akapapasa mkeka hadi akaufikia mguu wa Somoe. Akaushika kwenye kifundo, akakaa hivyo, hakuuliza tena.